Boti Niliyoikata: Jinsi ya Kusoma Picha za Pomboo na Ndege wa Pwani

Picha yangu iliyopendwa kuliko zote ina pomboo mmoja hewani. Mwili mzima uko nje ya maji, matone yanang'aa, na nyuma yake bahari ni tupu mpaka upeo wa macho. Niliipiga kusini mwa Unguja, asubuhi moja ya tangambili, bahari shwari kabisa, nikiwa kwenye boti ndogo ya fiba yenye mashine moja. Ndugu na jamaa waliisambaza kwenye simu. Rafiki yangu mmoja aliiomba aiweke kwenye bango lake la mkutano wa kisayansi. Rangi sikuzigusa hata kidogo. Nilichofanya ni kitu kimoja tu: niliikata upande wa kulia.

Upande huo wa kulia palikuwa na boti nyingine. Nyuma yake palikuwa na ya tatu, na nje kabisa ya picha zilikuwepo nyingine nne. Sote tulikuwa tunalifukuza kundi lilelile. Picha yangu inasimulia bahari tulivu na mnyama huru mwenye furaha. Tukio lenyewe lilikuwa boti saba, harufu ya petroli, watu wanapiga kelele "Kule! Kule!", na pomboo wanaokimbilia mahali ambapo sisi hatupo.

Uhakiki tumezoea kuufanya kwa riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba tuufanye kwa picha hizi, kwa sababu zimejaa kwenye kuta za hoteli, kwenye vipeperushi, kwenye simu zetu na, tuseme ukweli, kwenye mawasilisho yetu ya kisayansi. Hoja yangu ni moja. Kila picha inayopigwa kutoka kwenye boti ndogo ina wahusika wawili, mnyama na boti, hata pale ambapo boti haionekani. Ukimtazama mnyama peke yake umeisoma nusu ya picha. Na habari njema ni kwamba nusu ya pili inasomeka. Unahitaji hesabu ya kidato cha pili na macho yasiyo na haraka.

Tabasamu na mruko

Tuanze na uso. Kwa nini picha ya pomboo inatufurahisha namna ile? Sababu mojawapo ni kwamba anaonekana anatabasamu. Sasa, lile si tabasamu, ni umbo la taya. Mdomo wa pomboo umepinda juu kwa namna alivyoumbwa, na hana misuli ya uso ya kuubadilisha kama sisi. Akiwa amelala anatabasamu, akiwa ameumia anatabasamu, na akiwa amekufa ufukweni anatabasamu vilevile. Kwa hiyo maelezo ya picha yanayosema "pomboo mwenye furaha" yanatokana na uso ambao hauna uwezo wa kuonyesha kitu kingine.

Halafu kuna mruko. Hapa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu pomboo wanaruka kwa sababu nyingi. Wanaruka wakicheza, wakifukuza samaki, wakipandana, na huenda ni njia ya kupeana ishara kundini. Wakati mwingine wanakuja wenyewe mbele ya boti kuteleza kwenye wimbi la omo, na hapo hakuna aliyewalazimisha. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wapigapicha hatuitaji sana. Mwaka 1980 watafiti wawili, Au na Weihs, walichapisha katika jarida la Nature hesabu zinazoonyesha kwamba pomboo akivuka kasi fulani, kuruka kunamgharimu nguvu kidogo kuliko kuogelea karibu na uso wa maji. Maji ni mazito, hewa ni nyepesi, na kuogelea juujuu kunatengeneza mawimbi yanayokula nguvu. Ukienda kasi sana, bora uruke.

Yaani mruko mrefu wa kwenda mbele, ule unaopendeza kuliko yote pichani, unaweza kuwa namna ya kukimbia. Siyo kila mara, nasisitiza. Fremu moja ya sehemu moja ya elfu ya sekunde haiwezi kukwambia mnyama alikuwa anacheza au anatoroka. Ndiyo maana inabidi umtafute mhusika wa pili.

Kizimkazi kabla na baada ya kamera

Ili uhakiki huu usiwe wa kuonea watu, lazima tukumbuke tulikotoka. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwahi kuwindwa, na nyama yao ikatumika kama chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama, na ikaonekana wazi kuwa pomboo hai analeta fedha kila siku, ilhali pomboo wa chambo analeta mara moja tu. Uwindaji ukafifia. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kwa hiyo anayesema "utalii wa pomboo ni mbaya" bila maelezo zaidi hajui historia ya pale. Kamera ilichangia kuwaokoa.

Tatizo lilikuja na idadi. Kundi la wanyama ni dogo: tafiti zilizofanyika kwenye maji yale tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikadiria pomboo chini ya 200 wa spishi ya Tursiops aduncus, na chini ya 100 wa spishi ya Sousa plumbea, wale wenye nundu mgongoni, ambao leo wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wanyama wachache kiasi hicho wanaweza kutazamwa na boti nyingi kila asubuhi, mwaka mzima.

Mwaka 2007 Stensland na Berggren walichapisha utafiti kuhusu pomboo majike wa kusini mwa Unguja. Waliona mwenendo wao ukibadilika boti na waogeleaji walipoongezeka, hasa kwa wenye watoto. Mwaka 2010 Christiansen na wenzake, wakifanya kazi kwenye maji hayohayo, walionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwepo pomboo wanapunguza kula, kupumzika na kujumuika, na wanaongeza kusafiri. Hebu irudie sentensi hiyo ukiwa na picha yangu mbele yako. Kusafiri ndiyo tabia inayotoa picha nzuri. Pomboo anayepumzika anapanda polepole, anaonyesha mgongo kidogo, anashuka. Hakuna atakayeitundika ukutani. Boti inayomsumbua inazalisha palepale ile picha ambayo boti ya kesho itaifuata.

Nisiwabebeshe wenye boti lawama zote, kwani hatari kubwa kwa pomboo wa Zanzibar imekuwa wavu. Utafiti wa Amir, Berggren na Jiddawi wa mwaka 2002 ulieleza jinsi pomboo wanavyonaswa kwa bahati mbaya kwenye nyavu za jarife na kufa kwa kukosa hewa. Lakini picha ya hilo huioni kwenye kuta za hoteli, na kutokuwepo kwake nako ni sehemu ya uhakiki.

Rula iliyomo ndani ya picha

Sasa tuje kwenye hesabu. Ukijua vitu vitatu unaweza kukadiria mpigapicha alikuwa umbali gani: urefu wa mnyama, urefu wa fokasi wa lenzi, na sehemu ya picha aliyoichukua mnyama. Kanuni yenyewe ni ya pembetatu zinazofanana:

umbali = urefu wa mnyama × urefu wa fokasi ÷ ukubwa wa taswira kwenye kihisi cha kamera

Pomboo mzima wa spishi ya kwanza niliyoitaja ana urefu wa takriban mita 2.4. Kihisi cha kamera kubwa kina upana wa milimita 36. Tuseme pomboo amejaza nusu ya upana wa picha, yaani milimita 18. Ikiwa lenzi ni ya milimita 400, umbali ni 2.4 × 400 ÷ 18, kama mita 53. Sasa chukua picha inayofanana kabisa na hiyo, pomboo nusu ya fremu, lakini imepigwa kwa kamera ya kawaida ya simu bila kuvuta. Simu nyingi zina mwono unaolingana na lenzi ya milimita 26 hivi. Umbali: 2.4 × 26 ÷ 18, kama mita tatu na nusu.

Picha mbili zinazofanana ukutani. Moja imepigwa kutoka mita 53, nyingine kutoka mahali ambapo ungeweza kumgusa kwa upondo. Zote mbili zinapata sifa ileile, "Waaoo, umebahatika!" Ya pili ilihitaji boti kumkalia mnyama kichwani, isipokuwa kama alikuja mwenyewe.

Rula hii ina kasoro zake, na ni vizuri kuzijua. Picha iliyokatwa inakudanganya kwamba mpigapicha alikuwa karibu kuliko ukweli. Mnyama aliyegeuka upande anaonekana mfupi, kwa hiyo hesabu inakupa umbali mkubwa kuliko ukweli. Mtoto wa pomboo naye ni mfupi, na kosa linaelekea upande huohuo. Kwa hiyo usiitumie kama ushahidi wa mahakamani. Itumie kutofautisha mita tano na mita hamsini, na kwa kazi hiyo inatosha kabisa.

Kwa nini mita hamsini? Kwa sababu miongozo ya nchi kadhaa imetua karibu na hapo. Mwongozo wa taifa wa Australia unaitaka boti isiwasogelee pomboo chini ya mita 50, na ipunguze mwendo ikiwa ndani ya mita 150. New Zealand inaruhusu vyombo visivyozidi vitatu ndani ya mita 300. Mwaka 2021 Marekani ilipiga marufuku kuwasogelea chini ya yadi 50, kama mita 46, pomboo wa Hawaii wanaorukaruka kwa kujizungusha. Wale wanawinda usiku na kulala mchana kwenye ghuba za kina kifupi, na mchana ndiyo saa ya watalii.

Niliipima picha yangu mwenyewe, ile ya kabla ya kukatwa. Lenzi ilikuwa milimita 100, pomboo alichukua theluthi ya upana. Jibu: mita 20. Na tulikuwa boti saba.

Kundi la ndege linaloruka

Wapigapicha wa ndege msicheke, zamu yenu imefika. Kwenye picha za ndege wa pwani kuna mtindo mmoja unaorudiwa kila mahali: mamia ya ndege wanaruka kwa pamoja juu ya maji, jua liko chini, mabawa yanang'aa. Ni picha nzuri kwelikweli. Swali la mhakiki ni fupi: nani aliwarusha?

Inawezekana ni kipanga. Inawezekana maji yamejaa yakafunika fungu walilosimama. Lakini mara nyingi aliyewarusha ni yule aliyeshika kamera, na sababu iko kwenye mwendo wa maji. Ndege wanaokula matopeni, kama vitwitwi na wenzao, wanakula maji yanapokupwa. Wakati huo wametawanyika kwenye eneo kubwa la matope, na boti haiwezi kuwafikia kwa kuwa itakwama. Maji yanapojaa, matope yanafunikwa, na ndege wote wanabanana kwenye fungu la mchanga au juu ya mikoko, wapumzike mpaka maji yatoke. Wakati huohuo boti inaelea vizuri mpaka karibu yao. Yaani saa ambayo boti inaweza kufika ndiyo saa ambayo ndege wanapumzika. Wakati wa bamvua hali ni mbaya zaidi: Zanzibar maji yanapanda na kushuka kama mita 4, mafungu mengi yanazama, na ndege aliyerushwa hana pengine pa kutua karibu.

Mchukue ndege mmoja ambaye wapigapicha wanamfuata sana Mida Creek, karibu na Watamu nchini Kenya: yule mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene na miguu mirefu, anayekula kaa. Kisayansi anaitwa Dromas ardeola, na yuko peke yake katika familia yake. Hana ndugu wa karibu duniani. Anazaliana kwenye pwani zinazozunguka Rasi ya Arabuni, ikiwemo Oman, kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, na joto la mchanga linamsaidia kulitunza. Msimu wa kuzaa ukiisha, wengi wanashuka kwetu. Dunia nzima inakadiriwa kuwa nao 60,000 hadi 80,000. Ndege anayetaga yai moja hafidii hasara haraka. Na ndege anayejiandaa kurudi Uarabuni anahitaji kila tone la mafuta aliloweka mwilini. Kuruka kunatumia nguvu mara nyingi kuliko kusimama, kwa hiyo kumrusha bure ni kumnyang'anya akiba ya safari.

Kwenye visiwa vya mazalio, kama vile Kisite kusini mwa Kenya wanakotaga buabua, gharama ni ya aina nyingine. Mzazi akiruka, yai au kifaranga kinabaki juani, na kwenye mchanga wa pwani yetu saa sita mchana dakika chache zinatosha kuharibu mambo.

Picha za ndege zinasomeka kirahisi kuliko za pomboo. Angalia vichwa. Ndege waliosimama mguu mmoja, midomo imefichwa kwenye manyoya ya mgongo, hawajali uwepo wako. Ndege wakiwa wameinua vichwa wote, shingo zimenyooka, jicho liko kwenye lenzi, wameshakuona na wanahesabu hatua zako. Wakianza kutembea kukupa mgongo, umeshachelewa. Kinachofuata ni ile picha ya mabawa. Mimi siku hizi nikiona picha ya ndege waliolala, imepigwa kutoka mbali, wadogo kwenye fremu, namvulia kofia mpigapicha. Alifika, akapiga, akaondoka, na hakuna aliyeamka.

Pezi lisilovutia

Je, ipo picha ya pomboo yenye sifa hiyo? Ipo, na wengi wenu hamtaipenda. Ni picha ya pezi la mgongoni, limepigwa ubavuni, nyuma yake maji ya kijivu. Hakuna uso, hakuna mruko.

Mwaka 1977 Bernd na Melany Würsig walichapisha katika jarida la Science kazi yao ya pwani ya Argentina, wakionyesha kwamba ukingo wa nyuma wa pezi una mikato na makovu yanayotofautiana baina ya pomboo na pomboo, na kwamba picha zinatosha kumtambua kila mmoja bila kumkamata. Njia hiyo imetumika kwetu pia, Zanzibar na Kisite-Mpunguti.

Kwa pezi unaweza kuhesabu wanyama ambao hujawahi kuwaona wote pamoja. Tuseme safari ya kwanza umetambua mapezi 40. Safari ya pili umetambua 30, na kati ya hayo 20 ulishayaona. Ikiwa theluthi mbili ya uliowakuta ni wa zamani, basi wale 40 ni kama theluthi mbili ya kundi zima: 40 × 30 ÷ 20 ni pomboo 60.

Sasa angalia mpigapicha mwenye papara anavyoiharibu hesabu hii. Akipiga tu walio karibu na wasioogopa boti, atawakuta walewale kila safari. Tuseme safari ya pili kati ya 30 wake, 27 ni wa zamani. Hesabu inampa 40 × 30 ÷ 27, pomboo 44 hivi. Waoga wamepotea kwenye takwimu. Albamu nzuri ya mtalii ina kasoro hiyohiyo: imejaa majasiri, na wenye hofu, kama wale wenye nundu ambao huwa wanaikwepa boti, hawamo.

Kinachonifurahisha ni kwamba pezi linadai mwendo wa adabu. Ili ulipate vizuri lazima boti iende sambamba na kundi, polepole, bila kulikata njia, jua likiwa mgongoni mwako. Ukiwafukuza kwa nyuma unapata mikia. Ukiwakata njia wanazama. Kasi ya shata iwe sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi, maana boti inayumba na pezi linaonekana kwa sekunde moja hivi. Usiegemeze lenzi kwenye ubao wa boti. Mtikisiko wa mashine unapita moja kwa moja mpaka kwenye picha. Kaa chini, kiwiko mbavuni, subiri. Ufundi unaotoa picha inayofaa ndio uleule unaowaacha wanyama wapumue.

Na sisi watafiti tusijifanye malaika. Boti ya utafiti nayo ni boti. Tunasogea tunapohitaji pezi, tunarudi tena na tena kwa mnyama yuleyule, halafu tukifika kwenye mkutano ukurasa wa kwanza wa wasilisho tunaweka nani? Anayeruka. Tunaandika kurasa nyingi kuhusu usumbufu, kisha tunaupamba kwa picha ya usumbufu.

"Wageni watasema sijui kazi"

Siku ile, boti ilipopunguza mwendo, nilimwuliza nahodha wetu, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, kwa nini tusikae mbali kidogo tuwaache. Hakukasirika. Aliniambia: "Mwanangu, nikikaa mbali mimi, mwenzangu atakwenda. Wageni wake watarudi na picha, wangu watarudi mikono mitupu. Watasema huyu nahodha hajui kazi." Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi. Anajua mwenendo wa pomboo kuliko mimi na shahada zangu. Lakini halipwi kwa kujua. Analipwa kwa picha, na picha inayotakiwa ni ile niliyoipiga mimi.

Hapo ndipo uhakiki unapoacha kuwa mazungumzo ya sebuleni. Wapo watakaosema kwamba watu hulinda wanachokipenda, na picha ya mruko ndiyo inayowafanya wapende. Nakubali nusu yake. Lakini picha hiyohiyo ndiyo oda anayopewa nahodha wa kesho. Kila tunapoisifu bila kuuliza ilipigwaje, tunaongeza bei ya kukaribia.

Kwa hiyo ukienda baharini, mwambie nahodha mapema, kabla mashine haijawashwa, na mbele ya wenzako wote: "Mzee, hatuna haraka. Kaa mbali, tusipopata picha tutakulipa vilevile." Hilo linamwondolea mzigo ambao hakuna sheria iliyomwondolea bado. Ukifika, hesabu boti. Zikiwa nyingi, omba mgeuze. Kwa ndege, omba msimame mbali na fungu maji yakiwa yamejaa, au nenda kwa miguu pembeni maji yakitoka. Na ukirudi nyumbani, weka picha nzima. Boti ya jirani ikionekana, iache.

Yule rafiki yangu wa bango nilimtumia picha isiyokatwa. Alilalamika kwamba boti ile inaharibu picha. Tukabishana kwenye simu usiku ule mpaka bando likakaribia kuisha, lakini mwishowe akaichapa nzima, pembeni akaweka mapezi manne ya kijivu. Aliniambia baadaye kwamba siku ya mkutano karibu kila aliyesimama mbele ya bango alimwuliza swali lilelile: "Hizi boti zilikuwa ngapi?"